Gurudumu Gumu na Mzigo wa Mlimani: Historia ya Springi Mbulu na Hanang

Kuigeuza pikipiki iwe na mkia mgumu ni kazi inayoeleweka kwa fundi yeyote wa kuchomelea. Zinafunguliwa shokapu mbili za nyuma, unatolewa mkono wa chuma unaoshika gurudumu na kucheza juu na chini, kisha chasi inakatwa nyuma ya injini. Pale penye mkato huingizwa kipande cha bomba jembamba ndani ya bomba la chasi, ili kiungo kisitegemee ukingo wa kuchomelea peke yake, na juu yake huungwa pembetatu mpya ya mabomba inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye ekseli. Kuanzia hapo gurudumu na chasi vinakuwa kitu kimoja. Kinachotaka umakini ni vipimo: ekseli ikikaa upande kwa milimita chache tu, cheni inakula sproketi, tairi ya nyuma haifuati ya mbele, na pikipiki inavuta upande mmoja siku zote. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hufunga chasi kwenye kitanda cha chuma kilichopimwa kabla hawajawasha grinda. Marekani na Ulaya wapo wanaofanya hivi kwa ajili ya umbo, wapate mstari mmoja ulionyooka kutoka kichwa cha usukani hadi ekseli ya nyuma. Hoja yangu ni kwamba watu wa Mbulu na Hanang, wilaya za kaskazini mwa Tanzania, wameshalijua gurudumu gumu kwa muda mrefu kuliko walivyoijua bodaboda, na historia ya huko inalikataa. Lilijaribiwa kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, na muda wote huo mzigo wa mlimani uliendelea kukaa mgongoni mwa punda na mabegani mwa watu. Uliteremka kutoka hapo gurudumu la nyuma la pikipiki ndogo lilipokuja na springi.

Pikipiki yenyewe ilizaliwa bila springi ya nyuma. Waliozibuni za kwanza walichukua umbo la baiskeli wakaitia injini, na baiskeli ilikuwa ngumu mwanzo hadi mwisho. Ulaini wote ulitoka kwenye springi za kiti na kwenye tairi ya upepo, ambayo John Boyd Dunlop aliipatia hataza mwaka 1888. Wala springi ya nyuma haikuchelewa kwa kukosa wabunifu. Kampuni ya Indian ya Marekani iliuza pikipiki yenye springi za majani nyuma mwaka 1913, na Vincent HRD ya Uingereza ilikuwa na mkono wa nyuma wenye springi kabla ya mwaka 1930. Waliosita ni wanunuzi. Mikono ile ya mwanzo ililegea kwenye bushi zake, gurudumu likayumba kwenye kona, na chasi ngumu ikaonekana kuwa salama zaidi. Vita Kuu ya Pili ikapiganwa na pikipiki kama BSA M20, iliyotengenezwa kwa wingi mno kwa ajili ya jeshi la Uingereza, ikiwa bado na mkia mgumu. Harley-Davidson kubwa hazikupata mkono wa nyuma wenye springi mpaka toleo la mwaka 1958. Anayekata chasi leo anairudisha pikipiki kwenye umbo ambalo viwanda vyenyewe vililiacha zaidi ya miaka 60 iliyopita, na havikuliacha kwa sababu ya mitindo.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Wairaqw walikaa kwa vizazi vingi katika milima ya Irqwar Da'aw, sehemu za Kainam, nchi ya miteremko mikali iliyolimwa kwa uangalifu mkubwa: samadi ilitolewa zizini ikapelekwa shambani, maji ya mvua yakazuiwa yasichukue udongo, na nyumba zikachimbwa zikaingia ubavuni mwa mlima ili zisionekane na wavamizi. Njia kati ya boma na boma ilikuwa ya mguu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kuhama kutoka huko kuelekea Dongobesh, Karatu, na baadaye Haydom, na kasi iliongezeka pale vichaka vya mbung'o vilipofyekwa wakati wa utawala wa Waingereza. Kila hatua ya uhamaji huo iliongeza ardhi ya kulima na kuongeza umbali kati ya shamba na soko. Kusini, chini ya mlima Hanang unaopanda zaidi ya mita 3,400, Wabarabaig walihama na ng'ombe wao kufuata maji, majani na chumvi, na vyombo vya nyumbani vikafuata juu ya punda. Watu wa kilimo na watu wa mifugo walitofautiana kwa mengi, na wamepigana pia. Kwa usafirishaji wa mizigo wote walimtegemea mnyama mmoja.

Punda alistahili kutegemewa. Akishuka genge lenye mawe huchagua pa kuweka kila kwato, hukunja goti, hupindisha mgongo, na magunia mawili yaliyoning'inia ubavuni yanafika chini bila kupasuka. Mwili wake wote unafanya kazi ambayo baadaye ilipewa shokapu. Kasoro yake ni mwendo: anatembea kama mtu anavyotembea, na mahindi yanayotoka kijiji cha mbali kwenda mnadani yanaweza kula siku nzima ya mwenye nayo. Hapo ndipo gurudumu lilipopaswa kumsaidia mkulima, na hapo ndipo kwa miaka mingi lilimwangusha.

Gurudumu la injini lilipita jirani mapema, tena kwa vita. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts lililoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916 lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Mwaka huohuo safu ya Jenerali van Deventer ilitoka upande wa Arusha, ikapita Ufiome, ambayo leo iko Babati, ikaingia Kondoa Irangi mwezi Aprili. Masika yakaifungia huko. Magari yakakwama, farasi wakafa kwa wingi kwa maradhi, na askari wakabaki wakingoja chakula kilichobebwa na wapagazi. Sitaki kuutwisha mkia mgumu lawama zote hizo. Matope ya mbuga hukwamisha kila kitu, na pikipiki za enzi ile zilikuwa na udhaifu mwingi kuliko kukosa springi. Ila vita ile ilionyesha wazi mahali pa mashine za wakati ule: pikipiki ilifaa kumkimbiza askari na barua yake njia ikiwa kavu, na mzigo wenyewe ulimrudia mtu.

Miaka iliyofuata ilileta magurudumu ya kila aina. Baiskeli zilienea, Raleigh kwanza na baadaye Phoenix za China. Plau la ng'ombe lilifuatwa na mkokoteni wa ng'ombe. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, na kazi ya namna hiyo haikuwezekana bila magari yenye springi za majani chini yake. Wilaya ya Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969, na katika miaka hiyohiyo ngano ya Basotu ikaanza kulimwa kwa msaada wa Kanada. Mashamba ya shirika la NAFCO yakatanuka hadi takriban ekari 100,000, yakaleta matrekta, mashine za kuvunia na kazi ya ufundi wa chuma kwa kiwango ambacho wilaya haikuwahi kukiona. Mashamba hayohayo yaliziba njia za Wabarabaig za kwenda kwenye maji na malisho. Kijiji cha Mulbadaw kilipeleka shauri Mahakama Kuu kikashinda mwaka 1984, kikashindwa mwaka uliofuata katika Mahakama ya Rufani. Nalitaja kwa sababu historia ya usafiri huku haitenganiki na swali la nani anapita wapi: trekta lilipata barabara, na mwenye punda akaongezewa mzunguko.

Hapa pana pingamizi zito, na linastahili jibu la kweli. Baiskeli haina springi, na imebeba mizigo ya Watanzania kwa miongo mingi. Mkokoteni nao umefungwa ekseli ngumu na unabeba kuliko pikipiki. Iweje basi ugumu uwe na kosa? Jibu liko kwenye mwendo. Nishati ya kishindo haipandi sambamba na mwendo; mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kishindo inakuwa mara nne. Mkokoteni unaokokotwa na ng'ombe unagonga jiwe kwa mwendo wa mguu, na jiwe lilelile likigongwa kwa kilomita 40 kwa saa ni jambo jingine kabisa. Baiskeli nayo, ikiwa na mzigo mkubwa, mara nyingi husukumwa. Ikiwa tupu, mwendeshaji husimama kwenye pedeli na kuacha magoti yake yapokee mshtuko, jambo lisilowezekana kwa abiria aliyekaa nyuma wala kwa gunia. Kwa hiyo ugumu ulifaa kwa kila kilichokwenda polepole, na kwa hesabu ya muda baiskeli yenye mzigo mlimani haikumshinda punda kwa mbali. Pikipiki inauza kitu kimoja tu ambacho punda hana, nacho ni muda. Ukiinyang'anya uwezo wa kukimbia juu ya njia mbovu, umebaki na punda anayekunywa petroli.

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo ya mtu wa kawaida, yenye mkono wa nyuma na shokapu mbili, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa CG125, iliyobuniwa kwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kubadilishiwa oili kwa kuchelewa. Umbo hilo la CG likaigwa na viwanda vingi vya China. Kwa miaka mingi pikipiki za Kijapani zilionekana vijijini kwetu mikononi mwa mabwana shamba, mapadri na watu wa miradi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii za Kichina zikashusha bei, Bajaj Boxer na TVS za India zikafuata, na mwaka 2010 kanuni za SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, zikaipa bodaboda nafasi ya kisheria ya kubeba abiria. Katika kipindi kifupi kuliko kile cha kusomesha mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na basi vikawa na usafiri mlangoni. Kitunguu saumu cha Mbulu, maharage, mbaazi na alizeti vikaanza kushuka kwa saa badala ya siku.

Watu husema kilichofanya kazi hiyo ni bei na mikataba ya kumlipa mwenye pikipiki kidogokidogo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini bei nafuu isingesaidia kama chombo chenyewe kingevunjika katika mteremko wa Magara, kwenye njia ya kupanda Mbulu. Tazama Boxer iliyopakiwa ikipanda. Gunia limelazwa kwenye keria, dereva amesogea mbele hadi kwenye tangi ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, injini iko gia ya kwanza. Nguvu yake ni ndogo, kama farasi 8 hadi 12, na yote inapita kwenye sehemu ya tairi isiyozidi kiganja. Jiwe linapofika, gurudumu la nyuma linapanda peke yake, springi inajikunja, gunia linabaki karibu palepale, kisha tairi inarudi chini na kushika tena. Mkia ukiwa mgumu, gurudumu haliwezi kupanda bila kuinua chasi, gunia na dereva kwa pamoja. Likishuka linaruka, na tairi iliyo hewani haisukumi chochote. Mlimani, kukosa mshiko kwa kitambo kifupi kunatosha kuizima injini na kuirudisha pikipiki nyuma. Watengenezaji walilijua hilo: shokapu za nyuma za Boxer zina springi ndani ya springi, ili ile ya pili isaidie mzigo unapozidi.

Mtu anayezijua gereji zetu atanijibu kwamba mafundi wenyewe huikataa springi laini. Huzungusha kola ya shokapu hadi jino la mwisho, wengine hubana vipande vya mpira wa tairi katikati ya mizunguko, wengine hufunga springi nzito zaidi, na pikipiki ikiwa tupu inamrusha dereva kwenye kila shimo kama vile haina kitu nyuma. Je, hiyo si mkia mgumu kwa jina jingine? Nadhani huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa upande wangu. Fundi anayekaza springi analenga ile saa ambayo pikipiki imebeba watu wawili na magunia, na saa hiyo springi nzito inashuka hadi katikati na kuanza kufanya kazi yake. Angetaka ugumu mtupu, njia ilikuwa rahisi na ya bei ndogo kuliko shokapu yoyote: kipande cha chuma bapa chenye tundu kila upande, boliti mbili, basi. Soko la mizigo halikuielekea njia hiyo. Na sababu inaonekana kwenye chasi ya yeyote aliyeijaribu, kwa kuwa vishikio vya shokapu viliungwa kwa kutegemea mzigo unaopunguzwa na springi. Vikipokea kishindo kizima, matundu yake yanatanuka, kisha ufa unaanza pembeni ya mahali palipochomelewa.

Yapo mazuri ya mkia mgumu ambayo sina haja ya kuyaficha. Hauna bushi za kulegea, hauna shokapu za kuvuja mafuta, ni mwepesi, na cheni yake haikazi na kulegea kila gurudumu linapocheza. Kwa mtu aliye mbali na duka la spea, kupungukiwa na vitu vya kuharibika ni faida ya kweli. Tatizo ni kwamba mshtuko haupotei kwa kuwa shokapu imetolewa. Unatafuta pa kwenda. Unakwenda kwenye spoku, rimu ikapinda. Unakwenda kwenye tyubu, ikabanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka. Unakwenda kwenye betri, taa na kabureta, boliti zikafunguka zenyewe. Unakwenda pia kwenye uti wa mgongo wa dereva anayeshinda juu ya kiti kutwa nzima, na wa mama mjamzito anayekimbizwa zahanati usiku. Bushi ya mkono wa nyuma inanunulika. Na hata chasi iliyokatwa na kuungwa kwa ustadi imepata udhaifu mpya, maana moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pembeni ya kiungo, na mabomba ya pikipiki hizi ni membamba.

Asidhani mtu kwamba nawaona mafundi wa huku hawana ujuzi wa kazi hiyo. Ufuaji wa chuma ni kazi ya kale katika nchi hii. Wadatooga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, wana ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, waliofua mikuki na vikuku kwa vizazi, na wakatengwa na wenzao kwa sababu ya kazi hiyohiyo ambayo kila mtu aliihitaji. Ni dhuluma ambayo haijaandikwa vya kutosha. Wahunzi wa Tanzania wamegeuza springi za majani za malori kuwa visu na mapanga tangu malori yaanze kuvunjika barabarani. Uwezo wa kukata na kuunga upo. Swali ni kazi gani inastahili uwezo huo, na jibu la historia ni keria imara, kishikio cha shokapu kilichoongezwa bamba, na springi iliyopimwa kwa uzito wa gunia la kilo 100.

Linabaki pingamizi la lami na uzuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 lami imeunganisha Singida na Babati kupitia Katesh, makao makuu ya Hanang, na kijana wa Katesh anaweza kusema kwamba barabara yake haina mawe ya Magara. Anaweza pia kusema kwamba si kila pikipiki lazima ibebe gunia, na kwamba kupenda umbo zuri si anasa ya Wazungu. Namkubalia. Pikipiki zilizoupa mkia mgumu sifa duniani, zile za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, zilitengenezwa na Wamarekani weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy, ambao kwa miaka mingi hawakutajwa. Sanaa hii ni ya kila mwenye jicho na mkono. Lakini zilitengenezwa kwa barabara kuu za California, na hata huko mapenzi yalichoka: mwaka 1984 Harley-Davidson ilitoa Softail, pikipiki yenye umbo la mkia mgumu kwa nje na springi zilizofichwa chini yake. Wenye lami kuliko mtu yeyote waliona umbo linafaa kubaki na maumivu yanafaa kuondoka. Katesh ikiwa na lami katikati, njia zinazotoka kwenye lami hiyo kwenda mashambani bado ni za udongo mweusi na makorongo, na mteja wa bodaboda anaishi mwisho wa njia hizo.

Basi anayetaka kukata chasi na aikate ya kwake, isiyo na mkataba wala deni la mtu. Aifunge kwenye kitanda kilichopimwa, aingize bomba ndani ya bomba, wala asiridhike na chuma bapa mahali pa shokapu. Aweke kiti kimoja, aondoe keria, abaki kwenye lami. Ile inayopanda Mbulu na mzigo iachiwe springi zake, na kodi inayolipwa na mwenye bodaboda ianze kwa kuchonga njia inayotoka barabara kuu kwenda kijijini kwake.